Heri nusu shari? Kura ya mpinga vita mwaka 2028

SWALI

Ndugu wahariri,

Sisi ni ndugu watatu, raia wa Marekani wa kuandikishwa, na wote tunapinga vita. Mimi niko Detroit, Michigan. Mdogo wangu wa kiume yuko Buffalo, New York. Mdogo wetu wa kike yuko Lewiston, Maine. Mwaka 2024 kila mmoja alishika njia yake: mimi niliacha wazi sehemu ya rais, mdogo wangu aliandika kwa mkono jina la mgombea wa chama kidogo, na dada alimpigia Kamala Harris shingo upande. Hadi leo hatujapatana.

Uchaguzi wa rais unarudi Novemba 7, 2028. Inaelekea tutaletewa tena mgombea wa chama kikubwa ambaye si chaguo letu: mdomoni ana amani, lakini amepitisha fedha za silaha, na ukimuuliza kama atasimamisha upelekaji wa mabomu anazungukazunguka. Mpinzani wake, tunaambiwa, atakuwa mbaya zaidi. Dada anasema heri nusu shari kuliko shari kamili. Mdogo wangu anamjibu kwamba ukinunua nusu shari kila baada ya miaka minne, mwishowe umenunua shari nzima kwa mafungu. Mimi naona wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana nawaandikia.

Tumpigie kura mtu wa namna hiyo? Jibu ni moja kwetu sote, au majimbo yanabadilisha mambo? Na tukimuunga mkono, tudai nini, lini, kwa njia gani? Hapa Detroit tuna kikundi cha watu kama 60, tunakutana katika ukumbi wa kanisa. Yupo pia mpwa wetu mwenye kadi ya kijani, yaani mkaazi wa kudumu asiye raia, anayetaka kusaidia.

Dada Mkubwa, Michigan

JIBU

Dada Mkubwa,

Tuanze na jibu. Wewe wa Detroit, ndiyo, mpigie, endapo rekodi yake inaonyesha tofauti ya kweli kati yake na mpinzani katika suala la vita. Lakini usimwahidi kura hiyo mapema, wala usimpe bure. Mdogo wako wa Buffalo ana nafasi ya kupinga ambayo wewe huna. Dada wa Lewiston ana karatasi ya kura nzuri kuliko zenu nyote. Na tukisema kweli, ninyi watatu mmekuwa mkivutana juu ya siku moja ya Novemba, siku ambayo mpinga vita ana nguvu kidogo kuliko siku nyingine yoyote ya kampeni. Nguvu yenu iko miezi kumi na minane kabla ya hapo, na tena miaka minne baada ya hapo.

Kwa nini majimbo yanabadilisha jibu? Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Huchaguliwa na wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo, na mshindi anahitaji 270. Majimbo 48 pamoja na mji mkuu humpa mshindi wa jimbo wajumbe wote, hata akishinda kwa kura moja. Maine na Nebraska pekee ndizo zinazogawa baadhi ya wajumbe kwa wilaya za uchaguzi. Kwa hiyo kura ile ile ina uzito tofauti kulingana na mahali ilipopigwa. Mwaka 2016 Donald Trump alishinda Michigan kwa kura 10,704. Katika jimbo hilo hilo, mwaka huo huo, Jill Stein wa chama cha Green alipata kura 51,463, na karatasi zaidi ya 75,000 zilirudishwa bila alama kwenye sehemu ya rais. Hatusemi kura hizo zote zilikuwa mali ya Hillary Clinton; wengi wasingempigia kwa vyovyote. Tunasema tu kwamba huko Michigan, kuacha wazi ni tendo lenye uzito kama kupiga, na anayeacha wazi apime matokeo yake kama anavyopima mwenye kupiga. New York ni habari nyingine: mwaka 2024 Harris aliongoza huko kwa zaidi ya asilimia 12. Kanuni rahisi ni kutazama chaguzi mbili zilizopita. Pengo likiwa chini ya asilimia 5 katika mojawapo, jihesabu uko kwenye jimbo la ushindani. Likiwa zaidi ya 10 katika zote mbili, una uhuru mkubwa.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, kwa sababu wadogo zako kila mmoja ana historia upande wake.

Mdogo wako anaweza kutaja mwaka 1964. Lyndon Johnson aligombea kama mtu wa utulivu dhidi ya Barry Goldwater, akashinda kwa asilimia 61 ya kura. Machi 8, 1965 wanajeshi wa majini wa Marekani walitua Da Nang, na kufikia mwisho wa mwaka huo kulikuwa na wanajeshi karibu 184,000 Vietnam. Waliompigia kwa ajili ya amani waliuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini angalia jambo moja. Gunia lilikuwa na tundu. Agosti 7, 1964, miezi mitatu kabla ya uchaguzi, Johnson alikuwa ameomba na kupewa na Bunge ruhusa ya kutumia nguvu katika eneo hilo, kwa kura 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi na 88 kwa 2 katika Seneti. Hotuba zake zilificha. Azimio lile halikuficha kitu. Mgombea mpimeni kwa karatasi alizotia saini, si kwa maneno ya jukwaani.

Dada yako naye anaweza kutaja mwaka 2000. George W. Bush aliichukua Florida kwa kura 537. Ralph Nader wa chama cha Green alipata huko kura 97,488. Septemba 2002 Al Gore, mpinzani aliyeshindwa na Bush, alisimama San Francisco akaupinga hadharani mpango wa kuivamia Iraq. Machi 2003 Bush akaivamia. Hakuna awezaye kuapa kwamba Gore akiwa rais asingepigana vita vyovyote, ila tofauti kati ya watu hao wawili juu ya vita hivyo mahususi ilikuwapo, nayo ilipimwa kwa roho za watu wengi sana.

Mwaka tunaoona una mafunzo kuliko yote, hata hivyo, ni 1968, nao mara nyingi husimuliwa nusu. Machi 12, Eugene McCarthy, seneta aliyepinga vita vya Vietnam, alipata asilimia 42 katika mchujo wa New Hampshire, yaani kura ya ndani ya chama ya kumpata mgombea, dhidi ya rais aliyeko madarakani wa chama chake mwenyewe. Machi 31 Johnson akatangaza kwamba hagombei tena. Hiyo ndiyo nguvu ya mchujo. Chama kikamteua makamu wake, Hubert Humphrey, aliyekuwa ameitetea vita ile kwa miaka. Wapinga vita wakamkatalia, wakamzomea kila alipokwenda. Septemba 30, katika hotuba aliyoitoa Salt Lake City, Humphrey akasogea: akasema atasimamisha kuishambulia Vietnam Kaskazini kwa mabomu kama hatua ya kutafuta amani. Kuanzia hapo akaanza kupanda. McCarthy hakumuunga mkono hadi Oktoba 29, wiki moja tu kabla ya kura ya Novemba 5. Richard Nixon akashinda kwa pengo lisilofika asilimia moja ya kura za nchi. Mwaka 1970 vita vikavuka mpaka kuingia Cambodia, na mkataba wa Paris haukutiwa saini hadi Januari 1973. Wanajeshi wa Marekani zaidi ya 20,000 walikufa chini ya Nixon. Wavietnamu, Walao na Wakambodia waliokufa ni wengi mara nyingi zaidi.

Tunasoma humo mambo mawili. Kumbana mgombea kulifanya kazi: bila shinikizo Humphrey asingesogea hata hatua moja. Na aliposogea hakukuwa na mtu wa kusema, "Sawa, hapo tumekusikia, sasa tunakuja." Shinikizo lisilo na mlango wa kutokea humfundisha mgombea kwamba kusogea hakumletei kura, na anayefuata baada yake hatasogea.

Basi mtajuaje kama tofauti ipo? Pimeni mambo matatu, yale yale kwa wagombea wote wawili.

La kwanza ni kura na saini. Kama amewahi kuwa mbunge au seneta, tafuteni alivyopiga kura katika maazimio ya vita, si katika bajeti kubwa ya ulinzi peke yake, maana ile hufungwa pamoja na mishahara ya askari na karibu kila mtu huipitisha. Mfano mzuri ni ruhusa ya vita vya Iraq ya Oktoba 2002, iliyopita kwa 296 kwa 133 na 77 kwa 23. Ndiyo iliyomsumbua Hillary Clinton katika mchujo wa 2008 mbele ya Barack Obama, ambaye alikuwa ameipinga vita hiyo tangu 2002. Mingine ni azimio la 2019 la kuondoa mkono wa Marekani katika vita vya Yemen, maazimio ya Novemba 2024 katika Seneti ya kuzuia shehena za silaha kwa Israel, na azimio la Juni 2025 kuhusu Iran lililoanguka kwa 47 dhidi ya 53. Kura hizo zimeandikwa jina kwa jina kwenye tovuti za Seneti na Baraza la Wawakilishi. Mtu mmoja anazikusanya kwa jioni moja.

La pili ni watu wake. Mawaziri wa mambo ya nje na ulinzi hupitishwa na Seneti, lakini mshauri wa usalama wa taifa huteuliwa bila kuidhinishwa na yeyote, naye ndiye anayeingia ofisini kwa rais kila asubuhi. Kwa gavana au mfanyabiashara asiye na rekodi ya bungeni, orodha ya washauri ndiyo rekodi yake.

La tatu ni kile alichofanya, au atakachofanya, Bunge likimzuia. Trump alitumia kura ya turufu dhidi ya azimio la Yemen Aprili 2019, na tena dhidi ya azimio la Iran Mei 2020. Waliomchagua 2024 kwa sababu aliahidi kumaliza vita walikuwa na saini hizo mbili mbele ya macho yao. Juni 22, 2025 ndege za Marekani zilishambulia vituo vya nyuklia vya Iran huko Fordow, Natanz na Isfahan bila Bunge kuulizwa. Lakini msije mkadhani ni tabia ya chama kimoja: Obama naye aliingia Libya mwaka 2011 bila ruhusa ya Bunge, na miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameongeza askari 30,000 Afghanistan.

Mkikuta tofauti hata katika moja ya hayo matatu, na jimbo ni la ushindani, sisi tunasema mpigie yule nafuu. Msipokuta tofauti yoyote, basi kwa upande wa vita hamdaiwi kura na mtu, amueni kwa mambo mengine. Yupo pia mtu ambaye hatutamshawishi: aliyezika jamaa zake kwa bomu ambalo mgombea huyo alilipitisha. Mwaka 2024 huko Dearborn, jirani zako, Harris alipata takriban asilimia 36 na Stein 18. Wengi walikuwa wanahesabu ndugu waliokufa Gaza na Lebanon. Kikundi chenu kisimfanye mtu wa aina hiyo aone haya. Mkaribisheni kwenye kazi ya Bunge tutakayoieleza mbele, wala msimuulize alipiga vipi.

Tuje sasa kwenye kudai, maana hapa ndipo wapinga vita hupoteza mali yao.

Mwaka 2028 una bahati yake. Katiba inamzuia Trump kuchaguliwa tena, kwa hiyo hakuna rais aliyeko madarakani anayetetea kiti, na mchujo uko wazi katika vyama vyote viwili. Mwaka 2024 haukuwa hivyo. Februari 27 mwaka huo Michigan ilitoa kura zaidi ya 100,000 za "bila msimamo", yaani za kutomchagua mgombea yeyote, kupinga vita vya Gaza, takriban asilimia 13 ya mchujo wa Democratic, baada ya kampeni ya wiki chache iliyokuwa imelenga kura 10,000 tu. Ilikuwa kazi kubwa. Lakini kanuni za chama hicho hutaka asilimia 15, katika jimbo zima au katika wilaya ya uchaguzi, ndipo upewe wajumbe wa mkutano mkuu; kwa hiyo kura zote hizo zilizaa wajumbe 2. Nchi nzima walifika kama 30. Kwenye mkutano huo, Chicago mwezi Agosti, wenye kampeni hiyo waliomba Mpalestina mmoja Mmarekani apewe dakika chache jukwaani, wakakataliwa. Septemba waongozi wao wakatangaza kwamba hawamuungi mkono Harris, wanampinga Trump, na hawashauri kura ya chama kidogo katika majimbo ya ushindani. Kwa maoni yetu shida haikuwa ujasiri. "Bila msimamo" ni kura isiyo na mgombea wa kuogopwa, na dai lao kubwa, kusimamisha silaha, halikuwa na ngazi za chini yake ambazo mgombea angeweza kuzipanda moja moja. Katika mchujo ulio wazi, watu hao hao 100,000 wakimpa kura mgombea mmoja anayepinga vita, wanaweza kubadilisha nani anaongoza.

Kikundi cha 60 kinaanzaje? Kwa kadi za ahadi. Kila mwanachama alete watu 10 wenye sifa ya kupiga kura, kila kadi iwe na jina kama lilivyoandikwa kwenye daftari la wapiga kura, anwani, na saini chini ya sentensi moja: "Kura yangu ya rais mwaka 2028 itategemea msimamo wa mgombea kuhusu vita." Hakikini kila jina kwenye tovuti ya jimbo kabla ya kulihesabu. Kadi 600 zilizohakikiwa zina thamani kuliko majina 5,000 ya mtandaoni, kwa sababu wafanyakazi wa kampeni wanayo daftari ile ile na watawapima. Kikundi kinachotia chumvi hesabu yake hakiitwi mara ya pili.

Kisha ombeni kikao na mkurugenzi wa siasa wa kampeni katika jimbo, si mjitoleaji wa mlangoni. Nendeni watu 3 au 4, msemaji mmoja. Msiende na "leta amani duniani"; hilo kila mgombea atalikubali palepale na hamtakuwa na cha kumshika nacho. Nendeni na mambo ambayo mtu anaweza kuyajibu kwa ndiyo au hapana. Kwa mfano: Je, atakwenda Bungeni kabla ya shambulio lolote ambalo si kujilinda dhidi ya shambulio la papo hapo? Je, azimio la kuondoa majeshi likipitishwa na mabaraza yote mawili, ataahidi kutotumia kura ya turufu? Je, atatekeleza sheria inayojulikana kwa jina la seneta Leahy, inayokataza msaada kwa vikosi vya kigeni vyenye ushahidi wa kuvunja vibaya haki za binadamu, bila kuisamehe nchi rafiki hata moja? Je, atataja kabla ya kura ni nani anayemfikiria kwa nafasi ya mshauri wa usalama? Ombeni majibu kwa maandishi. Waambieni wazi mtakachofanya mkipata mawili kati ya manne, na mtakachofanya msipopata hata moja. Hiyo ndiyo ngazi iliyokosekana.

Tarehe ya mwisho msiiweke Novemba. Karatasi za wapiga kura walio nje ya nchi na za wanajeshi hutumwa siku 45 kabla, yaani Septemba 23, 2028, na Michigan inampa kila mpiga kura haki ya kupiga kwa posta kuanzia siku 40 kabla. Baada ya hapo kila siku kuna kura zilizokwisha kupigwa ambazo hamwezi tena kuzipangia bei. Wekeni mwisho wenu katika wiki ya kwanza ya Septemba, na mkishautangaza msiusogeze. Majibu yakija, tangazeni hadharani siku ile ile, mazuri na mabaya, bila kupamba.

Jihadharini na ukumbi wa kanisa. Shirika la hisani lenye msamaha wa kodi haliruhusiwi kumuunga mkono wala kumpinga mgombea. Msitumie barua zenye nembo ya kanisa, fedha zake, wala orodha yake ya simu. Kukutana kujadili vita na sheria ni sawa. Siku ya kutangaza mnayemuunga mkono, tangazeni kama watu binafsi, mahali pengine.

Karatasi za kura zenyewe, jimbo kwa jimbo.

Michigan ina mtego ambao hata wenyeji huukanyaga. Juu ya karatasi kuna sehemu ya kuchagua chama kizima kwa alama moja. Ukiitia alama, kisha ukaacha sehemu ya rais wazi ukidhani umegoma, kura yako inakwenda kwa mgombea urais wa chama hicho. Anayetaka kugoma kwa rais tu asiiguse sehemu hiyo. Atie alama nafasi moja moja. Kura zako nyingine hazipotei kwa kuacha moja wazi. Na ukitaka kuandika jina kwa mkono, lazima mtu huyo awe amewasilisha tamko la nia kwa mamlaka za jimbo kabla ya uchaguzi, la sivyo haihesabiwi. Katika mchujo huhitaji kujiandikisha kwenye chama, unaomba karatasi ya chama kimoja.

New York mchujo wake umefungwa: anayetaka kupiga lazima awe mwanachama wa chama kwenye daftari, na mabadiliko ya chama yafike kufikia Februari 14 ya mwaka huo. Mdogo wako asisubiri. Tena huko hakuna kisanduku cha "bila msimamo". 2024 waliopinga waliacha karatasi tupu, njia inayochanganywa kirahisi na makosa ya kawaida. Lakini Novemba New York ina kitu adimu: vyama viwili vinaweza kumsimamisha mtu mmoja, kila kimoja kwenye mstari wake. Mwaka 2024 jina la Harris lilikuwa kwenye mstari wa Democratic na kwenye mstari wa Working Families. Kura zinajumlishwa, ila zinahesabiwa kwanza kwa mstari, kwa hiyo mdogo wako anaweza kumpigia mgombea yule yule na bado ikaonekana kwamba kura imetoka upande mwingine. Ili kubaki kwenye karatasi, chama kinahitaji kura 130,000 au asilimia 2, kile kilicho kikubwa, katika kila uchaguzi wa rais au gavana. Akitaka chama kidogo kabisa, afanye hivyo akijua lengo: asilimia 5 ya kura za nchi nzima hufungulia chama fedha za serikali kuu kwa uchaguzi unaofuata. Nader mwaka 2000 aliishia 2.74. Kura ya jina lililoandikwa kwa mkono isipokuwa na wajumbe waliosajiliwa nyuma yake haihesabiwi kabisa, hivyo achunguze kama ile ya 2024 ilihesabiwa.

Ninyi wawili mnaweza pia kupatana: wewe Detroit umpigie aliye nafuu, yeye Buffalo apige kura ya kupinga kwa niaba yenu wote. Mahakama ya rufaa ya mzunguko wa tisa, inayosimamia majimbo ya magharibi, ilisema mwaka 2007 kwamba makubaliano ya namna hiyo ni uhuru wa kusema. Amri yake haifiki rasmi Michigan wala New York. Kati ya ndugu wanaoaminiana ni mazungumzo tu. Kisiingizwe kitu chochote chenye thamani, hata nauli, kwani kununua kura ni kosa la jinai. Wala asikutumie picha ya karatasi aliyotia alama: sheria ya New York inakataza kuionyesha.

Lewiston iko katika wilaya ya pili ya Maine, ambayo imempa Trump mjumbe wake mara tatu, 2016, 2020 na 2024, wakati jimbo zima lilikwenda kwingine. Kura ya dada inahesabiwa mara mbili: kwa wajumbe 2 wa jimbo na kwa mjumbe 1 wa wilaya. Na huko Maine mpiga kura huwapanga wagombea wa urais kwa nafasi, wa kwanza, wa pili na kuendelea. Aweke wa kwanza yule anayempenda kwa msimamo wake wa vita, na wa pili yule wa chama kikubwa aliye nafuu. Wa kwanza akiwa wa mwisho na akatolewa, kura inahamia kwa wa pili ikiwa kamili. Kumpa mtu nafasi ya pili hakumdhuru wa kwanza hata kidogo. Makosa yanayoua kura ni kuweka wagombea wawili katika nafasi moja au kuruka nafasi mbili au zaidi mfululizo. Kumjaza mtu mmoja nafasi zote hakumwongezei chochote, ila kunakunyima wa pili. Kwa hiyo yeye, aliyempigia Harris shingo upande, ndiye pekee kati yenu ambaye hakulazimika kuchagua kati ya dhamiri na hesabu.

Baada ya uchaguzi nendeni Bungeni, kwa sababu huko ndiko vita vya Marekani vimezuiwa kwa kweli. Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita na mfuko wa fedha. Nixon alishinda majimbo 49 mwaka 1972. Mwaka uliofuata Bunge likakata fedha, na mabomu juu ya Cambodia yakakoma Agosti 15, 1973. Novemba mwaka huo likapitisha, juu ya kura yake ya turufu, sheria inayomtaka rais atoe taarifa ndani ya saa 48 akiingiza majeshi vitani, na kuyaondoa baada ya siku 60, na nyongeza ya 30, bila ruhusa. Marais wameikwepa mara nyingi, lakini ndiyo inayomwezesha hata seneta mmoja kulazimisha kura ya wazi. Ili kushinda kura ya turufu zinahitajika theluthi mbili. Azimio la Yemen lilirudi katika Seneti mwaka 2019 likapata 53 dhidi ya 45. Zilihitajika kama 13 zaidi. Hesabu ya namna hiyo inajazwa kiti kwa kiti. Septemba 14, 2001 mwakilishi Barbara Lee wa Oakland alisimama peke yake kuipinga ruhusa ya vita baada ya mashambulio ya Septemba 11, 420 kwa 1, na mwaka uliofuata wapiga kura wake wakamrudisha kwa wingi mkubwa. Wawakilishi huchaguliwa kila miaka 2, na mchujo wa kiti kimoja huamuliwa na watu wachache kiasi kwamba kadi zenu 600 zinaonekana. Mtu mmoja kati ya 60 wenu apewe kazi hiyo tu: kufuatilia kila kura ya vita ya mwakilishi wenu na maseneta wawili, na kupiga simu ofisini siku mbili kabla ya kura, si siku mbili baada.

Kuhusu mpwa wenu. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kujitolea katika kampeni, kugonga milango, kupiga simu, hata kuchangia fedha zake mwenyewe. Haruhusiwi kupiga kura ya rais wala ya Bunge, na asijiandikishe hata kwa bahati mbaya: sheria ya shirikisho inalifanya kosa la jinai, na inaweza kumfukuzisha nchini na kumfungia njia ya uraia. Hatari kubwa iko kwenye ofisi ya leseni za udereva, ambako huulizwa kama anataka kuandikishwa. Ajibu hapana, asome fomu yote kabla ya kutia saini, na abaki na nakala. Akishaandikishwa kimakosa, asijaribu kurekebisha mwenyewe kwa simu. Aende kwanza kwa wakili wa uhamiaji, na asiikaribie karatasi ya kura.